Chati za viroba za pale Buzuruga: nimezitumia darasani na haya ndo maoni yangu

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, hasa mlioko Mwanza na huku kandokando ya ziwa, tangu niweke picha za darasa langu nimeulizwa sana hizi chati za ukutani zilizoshonwa kwa viroba vya sukari nimezitoa wapi na zinauzwaje, na karibu wote mnaanza na bei. Bei nitaisema, ila kwanza nataka mjue chati yenyewe ikoje, inafaa ukuta gani na inafanya kazi gani, maana nimeona shule zinanunua mapambo ya laki na kitu alafu mtoto hajawahi hata kuyagusa, yametundikwa juu huko karibu na bati ili mgeni rasmi akiingia ayaone. Kwa kifupi chati za mama anayezishona pale Buzuruga ni nzuri, nimezipenda na nitanunua tena, lakini sio zote na sio kwa kila ukuta.

Duka lenyewe ni fremu moja ndogo, ukishuka stendi ya Buzuruga unaingia ndani kidogo walipo mafundi cherehani, halina bango, we angalia palipoanikwa viroba vyeupe kwenye kamba hapo ndo penyewe. Mwenye kazi ni mama mtu mzima, kila mtu pale anamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, yeye anashona na kijana wake anachora na kuandika. Kilichonivutia kabla hata sijaona kazi ni maswali yake. Nimefika nimesalimia, mwangaluka mayu, akaitikia vizuri akanipa kigoda nikae, afu akaanza yeye kuniuliza: mwalimu una watoto wangapi, madirisha yako yana vioo au nondo tupu, jua la asubuhi linaingilia upande gani, ukuta umepigwa plasta au ni tofali, dawati la mwisho liko mbali kiasi gani na ubao. Nimeshanunua vitu vya darasani kwenye maduka makubwa ya mjini na hamna aliyewahi kuniuliza hata moja kati ya hayo, unaonyeshwa kilichopo, unalipa, unaondoka. Huyu mama hajasoma ualimu ila anajua chati inaenda kuishi wapi.

Nikamweleza. Shule yetu ni ya serikali, ipo upande wa Ilemela kule kwenye miinuko ya mawe, mi nafundisha darasa la kwanza. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45 kwa shule ya msingi na 25 kwa awali, ila toka elimu bila ada ianze 2016 watoto wamekuja kwa wingi, jambo jema kabisa na naliunga mkono, lakini chumba ni kile kile na mi saivi nina watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Madirisha ni nondo, vioo hamna, upepo wa ziwa unaingia unavyotaka. Dari hamna, ni bati moja kwa moja, na mnaijua mvua ya Mwanza inavyopiga bati, sauti yako haifiki hata dawati la tatu, hapo ndo chati inakuwa mwalimu, unachukua fimbo ya kuonyeshea unasogea ukutani unaonyesha silabi moja moja, mtoto hakusikii ila anaona na mdomo wake unasoma. Kama chati ni ndogo au imepinda au imedondoka kwa unyevu basi kipindi kimeisha, mnakaa mnaangaliana mpaka mvua ikatike.

Kwaiyo kabla ya viroba tumepita kwenye vitu vingi na naomba niviseme ili mtu asije akadhani nasifia tu. Manila kadi ni nafuu, jero mpaka buku kwa moja, unaandika mwenyewe na maka peni jioni nyumbani, ila kipindi cha mvua inanywa unyevu inajikunja pembe zote, selotepu haishiki kwenye ukuta wa saruji wenye vumbi la chaki, asubuhi unakuta zote zipo sakafuni zimekanyagwa. Ukibandika kwa gundi ya unga wa muhogo inashika vizuri ila mende na panya wanakuja kuila usiku, na siku ukitaka kuibandua inatoka na rangi ya ukuta. Laminesheni ya stesheneri ni nzuri kwa kadi ndogo za mkononi, kwa chati ya ukutani haifai maana wengi wana mashine ya karatasi ndogo tu, mtoto wa nyuma anaona kitu kinang'aa, herufi haoni. Mabango ya fleksi yanayoprintiwa mjini yana rangi za kuvutia kweli na hayaogopi maji, ila bei iko juu na yanarudisha mwanga wa dirishani, watoto waliokaa pembeni wanaona mng'ao mweupe tu, alafu kukiwa na kosa la herufi huwezi kurekebisha, unaprinti upya kwa hela yako.

Sasa kiroba. Anachotumia mayu ni kile cheupe cha sukari cha kilo 50, anavinunua vitupu kwa watu wa maduka ya jumla, anafumua mshono wa pembeni, anafua kwa sabuni mpaka sukari yote itoke (hii muhimu sana, sisimizi wakinusa utamu hiyo chati watahamia wao), anageuza upande usio na maandishi. Pasi hapigi kwa sababu kiroba ni plastiki kinayeyuka, anakilaza mezani na kukikandamiza kwa mbao na mawe usiku kucha mpaka kinyooke. Kwa chati kubwa anaunganisha viroba viwili, pembezoni anazungushia pindo la vipande vya kitenge, juu na chini anaacha mfereji wa kupitisha ufito ili chati ining'inie imenyooka isipeperuke na upepo. Kamba ya kutundikia ni uzi wa nyavu, ule wa nailoni wanaouziwa wavuvi kule Kirumba, hauozi na haukatiki hata mtoto akining'inia, na wananing'inia kweli.

Kijana wake anapiga mistari kwanza kwa penseli na rula ndefu, anaandika kwa maka peni nyeusi, ndani anajaza rangi ya mafuta kwa brashi. Herufi moja ina urefu wa kiganja changu kizima na zaidi, nimekaa dawati la mwisho kabisa nikazisoma bila shida. Na kuna kitu kidogo ambacho mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) atakiona haraka, herufi a kaiandika ile ya duara na kijiti, kama mtoto anavyofundishwa kuiandika kwenye daftari, sio ile ya kompyuta yenye kofia juu, na g vivyo hivyo. Chati nyingi za dukani zina a ya kompyuta, mtoto anaona moja ukutani anaandika nyingine daftarini, anachanganyikiwa bure wakati ndo kwanza anaanza.

Kuhusu picha ndo nilifurahi zaidi. Zile chati za plastiki zinazotoka nje zina tufaha, zina dubu wa theluji, zina q na x ambazo kwenye maneno yetu hatuzitumii, alafu ng', ny, dh, gh na ch hazimo kabisa. Kwa shule ya Kiingereza sawa, sina neno, ila kwa mtoto anayeanza kusoma kwa Kiswahili unampa mzigo wa vitu viwili kwa pamoja, herufi hajui na picha yenyewe haijui. Za mayu d ni dagaa, f ni furu, k ni kasia, m ni mtumbwi, p ni pamba, s ni sato, t ni tanga, u ni udaga, ule muhogo wa kukausha, umeanikwa juu ya jiwe, z ni ziwa lenyewe na visiwa viwili vitatu, ng' ni ng'ombe, dh ni dhahabu. Mtoto akifika kwenye u anacheka, anasema mwalimu hata kwetu upo, asubuhi tumeanika. Hapo hujafundisha bado na kashajua sauti ya kwanza ni ipi, maana neno analo mdomoni siku zote.

Nilikuwa na hoja moja kwenye picha ya o. Walikuwa wameweka oga, na mtoto kachorwa yuko ndani ya ziwa maji ya kiunoni anajimwagia. Nikamwambia mayu hii hapana, kichocho huku kwetu kipo kweli, mtoto anakipata kwa kuingia kwenye maji yenye konokono wanaobeba vijidudu vyake, vinapenya kwenye ngozi akiwa anaoga au anacheza, na sisi darasani tunawakataza wasiingie sasa ukutani tunawachorea wanaingia. Hakubisha wala hakununa, alimwita kijana palepale, wakaichora upya mtoto yuko uani na beseni na kopo, na kanihakikishia zote anazouza sasa zitakuwa hivyo. Kwa mimi hiyo peke yake inamtofautisha na duka la kawaida, kwamba chati ni ya mkono, inarekebishika, na mwenye nayo anasikia. Mkienda mkikuta ya ziwani imebaki hata moja mwambieni, atabadilisha.

Nyingine niliyoomba kwa oda ni chati ya l na r, mistari miwili pembeni kwa pembeni. Huku Usukumani watoto wengi wanakuja shule na l peke yake, anasema lafiki, mpila, kalatasi, sio uzembe wa mtoto, ndivyo ulimi ulivyolelewa nyumbani na ni lugha nzuri kabisa, ila kwenye kuandika Kiswahili inamgharimu. Basi tumeweka kula na kura, kalamu na karatasi, lala na rudi, kila moja na picha yake. Kila asubuhi watoto wanapita pale na kidole, dakika chache tu, tunaendelea.

Na hapa kwenye kidole ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndo jambo ambalo mayu na mimi tumekubaliana kuliko yote. Chati ya darasa la kwanza ikae pale mkono wa mtoto unapofika. Sio usawa wa macho ya mwalimu, sio juu ya ubao, sio juu ya dirisha. Mtoto wa miaka sita ukimsimamisha ukutani uso wake upo karibu mita moja na kidogo toka sakafuni, sasa herufi ukiiweka mita mbili na nusu juu umempa mapambo, hujampa chati. Mi zangu ufito wa chini upo usawa wa mapaja yangu, mtoto anasogea anafuatisha herufi kwa kidole toka mwanzo wake mpaka mwisho wake, anahisi kona, na kiroba kinavumilia hilo, ukifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo mikono yote ya ugali na embe inatoka. Manila ukiiweka hapo chini haimalizi wiki. Fleksi inavumilia ila walimu wengi wanaiogopea kwa gharama yake, wanaipandisha juu wanawakataza watoto wasiiguse, ikishafika hapo hela imepotea hata kama bango lenyewe ni zima na linang'aa.

Kupata nafasi hapo chini ilibidi tupange darasa upya. Madawati tumeyasogeza yaache njia ya mtoto mmoja kupita kandokando ya kuta mbili, najua wenye watoto mia na kitu mtasema haiwezekani, kwangu imewezekana kwa kutoa meza yangu kubwa na kabati bovu lililokuwa limejaa madaftari ya miaka ya nyuma, vile viwili vilikuwa vinakula nafasi ya madawati mengi tu. Meza yangu saivi ni ndogo ipo pembeni ya mlango. Na hapo ndo nikanunua kwa mayu vile vifuko vya dawati, ni kipande cha kiroba kimeshonwa kinaning'inia ubavuni mwa dawati, kina sehemu tatu, kila mtoto daftari na penseli yake anaweka humo. Kitu kidogo mno ila kelele za mwalimu penseli yangu imechukuliwa zimepungua sana, na sakafu inaonekana. Kama una hela ya kitu kimoja tu, anza na vifuko vya dawati kabla ya herufi, nasema kwa kumaanisha, kwa sababu darasa lililopangika ndo linaanza kusomeka.

Bidhaa yake bora kwa upande wangu ni chati ya mifuko. Safu za vifuko vya nailoni, ile ya kukavia madaftari, kadi ukiiweka inaonekana yote. Kadi tunakata wenyewe kwenye maboksi ya dukani. Safu za juu zina silabi, mtoto anakuja anachukua ma anachukua wa anachukua zo, anapanga chini, anasoma, mwenzake anabadilisha moja neno linageuka jingine. Ukiwa na watoto wengi hivi hamna namna kila mmoja atashika chaki ubaoni, ila kundi la watoto sita kwenye chati ya mifuko linaweza kufanya kazi lenyewe wakati mwalimu yuko na wengine. Nilinunua ya pili kwa ajili ya mahudhurio, kila mtoto ana kadi ya jina lake, akifika anaihamisha toka upande wa nyumbani kwenda upande wa shule. Jina lake ndo neno la kwanza mtoto analisoma bila kufundishwa, na mi nikiangalia upande wa nyumbani naona nani hajaja na nani hajaja tena, naanza kuuliza mapema kabla hajapotea shule moja kwa moja. Kipindi cha dagaa wengi wavulana wakubwa kidogo wanaanza kupotelea mwaloni kwa wavuvi, hiyo chati imenisaidia kuwafuata kwao nikaongea na wazazi.

Zisiwe nyingi lakini. Hili nawaomba sana kwa sababu mayu ana chati za kila kitu na ukiingia pale unatamani ubebe zote. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, wa 2014, watoto wa chekechea walifundishwa kwenye chumba kilichojaa mapambo na kwenye chumba cha kuta tupu, kwenye kile kilichojaa walizubaa zaidi na wakapata asilimia 42 ya maswali, kwenye kitupu asilimia 55. Walikuwa watoto wachache na ni Marekani, lakini mwalimu yeyote aliyekaa na darasa la kwanza hapo hashangai. Ukuta wa ubao mi nimeuacha wazi kabisa, pana tarehe na chati moja tu ya somo la wiki hiyo, nyingine zote zipo ubavuni na zinapokezana, wiki ikiisha naviringisha hii natundika ile. Na kiroba kinakubali hilo maana ni kulabu mbili tu. Kulabu zenyewe usigongelee ukutani, plasta inabomoka, tafuta ubao mwembamba mrefu fundi aufunge na skrubu mara moja, kulabu ziwe juu ya ubao.

Ukuta wa nyuma ni wa watoto wenyewe. Huo sijanunua kitu, nimeomba wavu chakavu wa dagaa kwa mzazi mmoja mvuvi, tumeufua tukauanika mpaka harufu ikaisha, tumeutandaza ukutani, kazi za watoto tunazibana na vibanio vya nguo. Michoro, mwandiko, maua ya karatasi, kila mtoto anapata zamu yake na anajua siku yake. Nawashauri wa mwambao wote mfanye hivi, ila hakikisheni ni wavu halali uliochakaa, msibebe makokoro yaliyopigwa marufuku. Na mkitaka makombe ya konokono au mawe madogo ya kuhesabia, aende mtu mzima ayaokote nchi kavu, msiwatume watoto majini. Vizibo vya soda vipo kila genge, vinatosha kabisa.

Kuna sababu nyingine ya viroba ambayo wapenda michoro ya ukutani huwa hawaifikirii. Vyumba vyetu vinatumika kwa mitihani. Darasa la saba wakifanya mtihani wao, darasa la nne wakifanya upimaji, kuta za chumba cha mtihani zinatakiwa ziwe wazi, hamna herufi hamna jedwali. Chati za viroba naziviringisha zote kwa muda mfupi, zinaingia ofisini, mtihani ukiisha zinarudi. Mwenzangu wa chumba cha jirani kachorewa ukuta mzima kwa rangi, umependeza sana, kila msimu anahangaika kuufunika na magazeti. Jumapili pia chumba chetu wanaazima watu wa ibada, na madirisha hayafungi, kwaiyo Ijumaa jioni zinaviringishwa, Jumatatu watoto wenyewe wanazitundika na wanagombania hiyo kazi. Michoro ya rangi mi naona ikae kuta za nje, huko ni mahali pake.

Sasa mapungufu, na yapo. La kwanza ni jua. Kiroba kikipigwa na jua la moja kwa moja kila siku kinakuwa kikavu, nyuzi zinaanza kukatika zenyewe, ukishika kinamong'onyoka vumbi jeupe. Mayu mwenyewe ananiambia ndivyo kilivyo, chati ya upande wa mashariki wa darasa kwa kweli imeanza kuisha na ile ya kivulini ipo vilevile. Kwaiyo ukuta unaopigwa na jua usiweke kiroba, hapo acha wazi au weka manila unayobadilisha. La pili ni rangi ya mafuta, ukikunja kiroba kama shuka rangi inapasuka na kubanduka kwenye mkunjo, lazima uviringishe kwenye ufito wake maandishi yakiwa nje. Na ikiwa mpya inanuka siku kadhaa, watoto wenye pumu inaweza kuwasumbua, ianikwe nje kivulini mpaka harufu iishe ndo iingie darasani.

La tatu ni ile chati ya saa, hii msinunue. Mishale ni ya kadibodi ngumu imefungwa na waya na kizibo katikati, sasa kiroba ni laini, hakina nguvu ya kuishika, ukiweka saa tatu mishale inateleza inaenda kulala chini yenyewe. Nimemwambia, kakubali kwamba saa inataka ubao au kadibodi nene na amesema ataanza kuitengeneza hivyo, ila mpaka naandika hapa iliyopo dukani ni ile ya zamani. Saa tengenezeni wenyewe kwa mfuniko wa ndoo ya rangi, inatosha.

La nne ni muda. Wapo wawili tu na kazi yote ni ya mkono, na ahadi ya siku ya kuchukua huwa inasogea. Yangu ilisogea, walinipigia mapema kuniambia, hilo nawashukuru, lakini ilisogea. Kama unataka darasa liwe tayari shule zikifungua Januari peleka oda Oktoba au Novemba, Desemba pale pamejaa walimu wa shule binafsi wanaochukua chati za shule nzima. Na kabla hamjatoa oda ya maneno na masomo mwonyesheni kitabu cha mtaala mpya unaotumika toka Januari 2024, maana ana sampuli nyingine za zamani bado zimetundikwa na kijana anaweza kunakili humo. Hakikini pia tahajia kwenye penseli kabla rangi haijaingia, hasa ile alama ya ng', kwenye yangu moja haikuwepo tukaiweka.

Bei nilizolipa mimi, zinaweza kubadilika: chati kubwa ya viroba viwili elfu kumi na tano, ya kiroba kimoja elfu nane, chati ya mifuko elfu kumi na nane kwa sababu ya nailoni, vifuko vya dawati buku mbili kimoja na ukichukua vingi anapunguza. Ukienda na viroba vyako visafi anatoa gharama yake, na hapa wazazi wanaweza kuchangia bila kutoa hela, sisi tuliomba mwenye kiroba cha sukari nyumbani alete, wakaleta wa kutosha hadi vikabaki. Muulizeni mwalimu mkuu pia, fedha ya ruzuku ina sehemu ya vifaa vya kufundishia, kwetu kidogo ilitoka humo na kidogo nikaongezea.

Wa mjini bodaboda inatosha, chati zikiviringishwa kwenye ufito zinabebeka vizuri tu. Wa Sengerema na Geita anawatumia kwa basi, daraja la Kigongo hadi Busisi limerahisisha mambo, mzigo haulali tena ukisubiri kivuko. Wa Ukerewe mwambieni afunge kwenye nailoni nzito juu na chini kabla haujapanda meli ya Nansio. Namba yake ya simu siiweki hapa maana sijamwomba ruhusa, mkifika Buzuruga ulizieni kwa mafundi cherehani mayu wa viroba, na mkienda asubuhi mnamkuta na nafasi, mchana anakuwa ameshaingia kwenye cherehani na hapendi kukatishwa mshono katikati.